Fundi kakagua ukuta wa nyumba yangu akaondoka: naomba ushauri wa kuhamisha dirisha

Mzee wa Theluji
Wakuu habari za jioni. Niko Buffalo, New York. Mwaka jana mimi na mama watoto tulinunua nyumba ya mbao ya ghorofa moja, hati zinasema ilijengwa 1908. Tatizo letu ni jikoni. Dirisha liko kushoto, sinki liko kulia kama futi tatu hivi. Mama watoto anataka akiosha vyombo awaone watoto uani, na mimi nilishamwahidi kabla sijauliza bei.

Fundi wa kwanza kasema siku mbili tu, kibali hakihitajiki, nimpe hela ya mbao aanze Jumamosi. Wa pili alishuka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, akamulika tochi kule ukuta unapoanzia, akaniuliza kama najua kwamba nyumba yangu ni "baluni". Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia nitafute injinia, akapanda gari lake.

Dirisha lina upana wa inchi 32. Nguzo za ukuta zimepishana inchi 16. Nimewaza nisilipeleke mbali: nilisogeze inchi 16 tu, nafasi ya nguzo moja, na sinki nalo lisogee kidogo, vikutane katikati. Si ndiyo nafuu hiyo? Na hii baluni ni kitu gani?

Kijiwe Hakilali
Mkuu, acha dirisha la watu lilipo. Hamisha sinki. Nasubiri soda yangu.

Mtoto wa Tandale
Huko Marekani mnapenda kujitisha. Mimi hapa Dar nimehamisha madirisha matatu. Unapiga tofali nyundo, unamwaga linta, unaziba tundu la zamani, plasta, rangi, kwisha habari. Ukuta ni ukuta.

Randa na Msumeno
Tandale, ukuta si ukuta. Wewe ukitoboa ukuta wa tofali, tofali za juu zinashikana kidogo kidogo zikikusubiri uweke linta. Huyu mwenzetu ukuta wake ni vijiti vimesimama. Ukikata kijiti, kilichokuwa juu yake hakina pa kukaa.

Mzee wa Theluji, nimefanya useremala Ohio miaka kumi na moja na nyumba za aina yako nimezifungua nyingi, ngoja nikueleze. Nyumba za siku hizi hujengwa sakafu kwa sakafu. Unasimamisha kuta za chini, unalaza sakafu ya juu, halafu kuta za juu zinakaa juu ya sakafu hiyo. Nyumba ya baluni haiko hivyo. Nguzo inaanzia kwenye boriti ya msingi kule besimenti, inapita jikoni, inapita chumba cha kulala cha juu, inaenda kupokea paa. Mti mmoja, futi kumi na nane au zaidi. Boriti za sakafu ya juu hazikukalia ukuta: zimeegemea ubao mwembamba uliochomekwa kwenye nguzo kwa ndani, wenyewe wanauita riboni, kisha zikapigwa misumari ubavuni mwa nguzo. Mtindo huu ulianzia kule Chicago miaka ya 1830, misumari ya mashine iliposhuka bei na miti mirefu ilipokuwa bado tele. Mafundi wazee husimulia kwamba jina lilikuwa la kejeli, kwamba nyumba nyepesi vile upepo utaipeperusha kama puto. Yako imesimama tangu 1908, kwa hiyo kejeli haikufika mbali.

Sasa ona hesabu yake. Ukikata nguzo jikoni, hujakata jikoni. Umekata na sakafu ya juu na paa. Mafundi wengi wanaweka jeki chini ya dari la jikoni wakidhani wameshika mzigo. Hapo wameshika boriti za sakafu tu, paa bado linashuka kwenye ile nguzo wanayoipiga msumeno. Inavyotakiwa ni kulaza ubao mzito ukivuka nguzo zote zinazohusika, juu ya pale utakapokata, uufunge kwa skrubu nene au bolti kwenye kila nguzo, halafu uutie miguu inayofika mahali pagumu. Ndipo unakata.

Nijibu matatu kabla sijaendelea. Ukuta huo uko upande wa michirizi ya maji ya paa au upande wa pembetatu ya paa? Juu ya dirisha la jikoni kuna dirisha jingine? Na ukipanda darini, unaona nini ukichungulia kwenye ukuta?

Mama Pacha
Kabla hamjafika kwenye msumeno: mna watoto wadogo? Nyumba ya 1908 mara nyingi ina rangi yenye madini ya risasi, sumu kwa watoto, na madirisha ndiyo mabaya zaidi, maana kila ukilipandisha na kulishusha linasaga rangi kuwa vumbi. Rangi hiyo ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, lakini hakuna aliyeenda kuibandua. Sisi tulimwita fundi wa bei poa, akakwangua fremu mbili bila kufunika chochote, akafagia kwa ufagio mkavu. Mwanangu mmoja alikuwa anatambaa. Kipimo cha damu kiliporudi sikulala siku mbili. Tulihangaika mwaka mzima.

Sheria ya shirikisho inataka mkandarasi anayevuruga rangi kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 awe na cheti cha kazi hiyo. Mwombe akuonyeshe. Huyo wa kuanza Jumamosi, nakuapia hana.

Mzee wa Theluji
Pole sana dada, na asante. Wa kwangu wana miaka mitatu na mitano. Nitapima.

Mkuu Randa, majibu haya. Ukuta ni wa ubavuni, upande wa michirizi. Juu yake kuna dirisha la chumba cha watoto, limekaa sawasawa na la jikoni, kama limepigiwa kamba. Darini nimefanya jaribio: nimefunga nati kwenye uzi nikaiteremsha ndani ya ukuta, pembeni kidogo mwa dirisha. Nilitarajia ikwame. Uzi umekwisha wote, mke wangu yuko besimenti, namsikia anapiga kelele, "Naiona!"

Nimekaa pale juu nimeduwaa.

Mkaa Baridi
Ukuta ulio wazi hivyo toka chini mpaka juu ni chimney, bomba la moshi, ndugu yangu. Mimi niko Minneapolis, jirani yangu alikuwa na nyumba ya aina hiyo, moto ulianza besimenti kwa dryer, mashine ya kukausha nguo, na wazima moto wakaenda moja kwa moja darini. Nilidhani wamepotea njia. Kumbe ni kawaida yao kwa nyumba za zamani, wanajua moto umeshapanda ndani ya ukuta. Hata kama hutahamisha dirisha, ziba hizo nafasi.

Na kibali chukua. Inspekta si adui. Ukiuza nyumba siku moja, mnunuzi ataleta inspekta wake.

Randa na Msumeno
Mkaa Baridi kasema kweli. Kila ukuta utakaoufungua, piga vipande vya mbao ya mbili kwa nne vikivuka nafasi kati ya nguzo na nguzo, usawa wa sakafu na usawa wa dari. Pasipofikika, shindilia sufi ya mawe, ile isiyoshika moto. Na kabla ya kujaza chochote angalia nyaya. Ukikuta vigololi vya kauri na waya umepita peke yake hewani, simama, ita fundi umeme, usizifunike.

Sasa turudi kwenye hesabu ya inchi 16, na samahani nitakuvunja moyo. Pande mbili za dirisha nguzo huwa zimewekwa mbilimbili. Hizo ndizo zinazobeba mzigo wa zile zilizokatwa ili dirisha liingie. Na kwa kuwa madirisha yako mawili yamepangana, uwezekano mkubwa ni kwamba jozi hizo zinapanda moja kwa moja kulishika na dirisha la watoto. Ukilisogeza la jikoni inchi 16 kulia, jozi ya kulia inabaki katikati ya tundu lako jipya. Lazima uikate. Umekata nguzo zenye mzigo mkubwa kuliko zote kwenye ukuta huo, ukidhani umechagua njia ya upole. Kulipeleka mbali kabisa, nje ya tundu la zamani, ni afadhali, maana hapo unakata nguzo za kawaida.

Hata hivyo linta mpya lazima ipigiwe hesabu na injinia, na miguu yake iteremke mpaka boriti ya msingi. Usiikalishe juu ya mbao za sakafu, chini ya mbao hizo ukutani mna uwazi, umeuona mwenyewe kwa nati. Halafu mbili kwa nne ya 1908 ni inchi mbili kwa nne kweli. Ya dukani leo ni moja na nusu kwa tatu na nusu. Kila kitu utakachoweka kitahitaji kuongezwa unene ili kilingane na plasta. Na Buffalo theluji ya ziwani haingoji mtu. Paa likiwa limeegemea miguu ya muda, sitaki liwe na futi mbili za theluji juu yake.

Koki Tatu
Mimi fundi bomba, nimesoma kimya. Mabomba ya sinki yanatokea sakafuni au ukutani?

Mzee wa Theluji
Sakafuni. Yote yanaonekana besimenti.

Koki Tatu
Basi mnajitesa. Maji ya moto na baridi ni kazi ya saa chache. Bomba la maji machafu lipe mteremko wa robo inchi kwa kila futi, futi tatu ni inchi isiyofika moja. Angalia bomba la hewa lilipo, hilo ndilo linaweza kukusumbua. Na usikubali mtu akupitishie maji kwenye ukuta wa nje, Januari yataganda.

Mzee wa Theluji
Bomba la hewa linapanda kwenye ukuta wa ndani, kona ya kushoto. Yaani sinki likihama linalisogelea.

Kijiwe Hakilali
😂😂😂 Fanta. Baridi.

Mama Pacha
Na mama watoto kasemaje?

Mzee wa Theluji
Nimemsomea uzi wote. Kauliza kabati la chini ya dirisha litaenda wapi. Kesho tunapima.