Tasnifu yenye jiometri, mashairi na michoro ya ukutani: ni utafiti au si utafiti?

Mwanagenzi: Wakuu, nisaidieni kufikiri. Rafiki yangu amewasilisha tasnifu ya uzamivu. Sehemu ya kwanza ni falsafa ya umbo la duara, ya pili ni mashairi ya majaribio yaliyopangwa kwa kanuni za jiometri, na mwisho kuna onyesho la michoro ya ukutani. Hakuna hojaji, hakuna maabara, hakuna uthibitisho wa kihisabati. Watahini wamegawanyika: mmoja anasema ni utafiti, mwingine anasema ni sanaa nzuri tu. Shahada apewe?

Chaki: Asipewe. Jiometri ina uthibitisho. Asiyethibitisha amechora tu. Au mmemsahau Sokal? Mwaka 1996 mwanafizikia huyo aliandika upuuzi uliopambwa kwa istilahi za hisabati na fizikia, akaupeleka jarida la Social Text, wakauchapisha, kisha akajitangaza mwenyewe kwamba ulikuwa mtego. Tangu hapo nikikuta neno "topolojia", tawi la hisabati ya maumbo, kwenye maandishi ya falsafa nashika mfuko wangu. Na tuambiane ukweli, washairi wengi walikimbilia ushairi baada ya hesabu kuwashinda.

Mshororo: Hayo ya Sokal sina neno. Ila hilo la mwisho lifute, Chaki. Omar Khayyam alitatua milinganyo ya kipeo cha tatu kwa kukutanisha mikato ya koni. Ndiye huyo huyo wa rubai, yale mashairi ya mishororo minne. Hesabu zilimshinda?

Chaki: Unaniletea mtu mmoja katika miaka elfu. Halafu rubai nyingi anazobandikwa hakuna mwenye hakika kama ni zake. Na alipofanya jiometri aliifanya kwa jiometri, si kwa vina.

Pembe Butu: Plato mwenyewe aliandika mlangoni mwa Akademia, shule yake, "asiingie asiyejua jiometri". Falsafa na jiometri ni ndugu, mjadala umeisha.

Kitabu Wazi: Haujaisha. Hayo maandishi ya mlangoni yanatajwa na watu waliokuja karne nyingi baada ya Plato. Katika vitabu vyake hayamo. Ungemtaja mwanafalsafa Spinoza ungekuwa salama: Ethica yake ya 1677 ina fasili, aksiomu (kauli zinazokubaliwa bila uthibitisho) na uthibitisho, mtindo wa jiometri ya Euclid mwanzo hadi mwisho.

Chaki: Na mtindo wa Euclid haukuifanya iwe jiometri. Asante kwa kunisaidia.

Mshororo: Haya, nakupa kitu ukishike mkononi. Sestina ni aina ya shairi lenye beti sita za mishororo sita sita, na mitatu ya kufungia. Maneno sita ya mwisho wa mishororo yanarudi kila ubeti kwa mpangilio mpya: la sita linatangulia, kisha la kwanza, la tano, la pili, la nne, la tatu. Fanya hivyo mara sita, unarudi ulikoanza. Ni ya karne ya 12, ya mshairi Arnaut Daniel. Karne ya 20 akaja Raymond Queneau, aliyeanzisha Oulipo, kundi la waandishi na wanahisabati, pamoja na Le Lionnais mwaka 1960, akauliza: maneno yakiwa manne je? Saba je? Chukua karatasi, jaribu, halafu uniambie hesabu zimemshinda nani.

Chaki: Nimejaribu. Manne: la nne, la kwanza, la tatu, la pili. La tatu limeganda pale pale, haliondoki hata urudie mwaka mzima. Saba nayo, la tano limeganda. Tatu na tano zinazunguka vizuri. Sawa, inavutia. Lakini huo ni mpangilio, si umbo. Jiometri iko wapi?

Mshororo: Andika tarakimu 1 hadi 6 kwa mstari mmoja. Weka kalamu kwenye 6, ipeleke 1 kwa upinde, irudishe 5, ipeleke 2, kisha 4, kisha 3. Angalia ulichochora. Ni konokono!

Guni: Ndiyo maana siwapendi watu wa kuhesabu. Ushairi ukishaanza kupimwa kwa rula umekufa. Wale wale wa vina na mizani.

Bi Kituo: Shairi lililokosa vina na mizani huitwa guni. Guni, jina lako limekwisha kujibu.

Guni: Nililichagua kwa makusudi, bibi. Tangu vita vya mashairi huru miaka ya 1970 ninyi mmekaa mlangoni mnahesabu mizani kama makarani wa stoo.

Bi Kituo: Usinihesabie umri. Unajua neno arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, limetoka wapi? Al-Khalil bin Ahmad, karne ya 8, alizipanga bahari, yaani mitindo ya mapigo, za ushairi wa Kiarabu ndani ya duara tano. Ukianza kusoma kwenye nukta hii ya duara unapata bahari moja, ukisogea nukta nyingine unapata bahari nyingine. Duara, mwanangu. Huyo naye karani?

Guni: Karani mkuu.

Chaki: Sikutegemea kusema hivi, ila hapa niko na Bi Kituo.

Kuta Nne: Michoro mmeiacha kabisa. Msanii Sol LeWitt alichukua mchemraba wa kingo 12 akauliza: ukiondoa baadhi, zilizobaki ziwe zimeungana na bado zisimame katika vipimo vitatu, unapata maumbo mangapi? Yanayolingana ukiyazungusha yanahesabiwa moja. Mwaka 1974 akaonyesha 122. Kupitia hali zote bila kuacha hata moja ni uthibitisho, mwalimu Chaki. Huyo rafiki wa Mwanagenzi aulizwe hilo tu: kanuni yake ameimaliza, au amechukua mashairi matatu yaliyompendeza?

Guni: Bi Kituo, utenzi wenye mizani nane safi na hauna roho utauitaje?

Bi Kituo: Nitauita utenzi mbaya. Na wako usio na mizani wala roho nitauitaje?

Pembe Butu: Hahaha, mtu alete maji.

Mwanagenzi: Wakuu, shahada…

Guni: Subiri kwanza, nimetukanwa.

Mshororo: Umetukanwa kwa mizani nane kamili, ungeshukuru.

Bi Kituo: Si nane. Hesabu tena.

Chaki: Samahani kuwakatiza. Nimejaribu maneno manane. Hapa hakuna lililoganda, lakini baada ya beti nne tu mpangilio umerudi ule wa kwanza. Maneno yamejitenga makundi mawili ya manne, kila kundi linazunguka kivyake, 1, 2, 4, 8 huku na 3, 6, 5, 7 kule. Sita haifanyi hivyo. Kuna anayejua kwa nini?

Guni: Muulize karani.