Naomba ushauri: nipimeje uratibu wa utafiti wa kichaa cha ng'ombe Uingereza?

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu ya uzamili katika afya ya jamii, na nimekwama kwenye sura ya kichaa cha ng'ombe Uingereza.

Ugonjwa ulitambuliwa Novemba 1986. Mwaka 1989 ikaundwa kamati ya Dk. David Tyrrell kushauri utafiti upi upewe kipaumbele. Mwaka 1990 ikafuata SEAC, kamati ya kuishauri serikali, pamoja na kitengo cha Edinburgh cha kufuatilia wagonjwa wa CJD, ugonjwa wa ubongo kwa binadamu. Machi 20, 1996 serikali ikatangaza kwamba huenda watu wameambukizwa kutokana na ng'ombe.

Ukisoma hivyo, unaona kila kitu kimepangika. Lakini mwaka 2001 ikabainika kuwa sampuli za ubongo zilizofanyiwa utafiti kwa miaka kama za kondoo zilikuwa za ng'ombe! Hilo linaninyima usingizi, kwa sababu wizara ilikuwa inasubiri majibu hayo ili ijue kama kondoo nao walikuwa na ugonjwa huo na iamue la kufanya.

Nimepitia ripoti ya Lord Phillips ya mwaka 2000, ya uchunguzi rasmi kuhusu ugonjwa huo. Inaeleza vizuri nani alijua nini na lini. Mimi natafuta ni nani hasa aliyewaunganisha watu wa mifugo na watu wa afya.

Maswali yangu:

Kamati ya kushauri tu, naweza kuihesabu kuwa chombo cha uratibu? Na je, sura niifunge 1996, au niende hadi 2001 ili kosa la sampuli liingie?

Aliyewahi kuandika kuhusu magonjwa ya wanyama yanayoambukiza binadamu anisaidie tafadhali. Natanguliza shukrani.