Miaka 11 mnauliza "mnahama lini", siku ya kuhama simu zenu zote hazipatikani

Wakuu salama? Mimi si salama. Naandika nimekalia ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoigeuza, sebuleni kwangu, KWANGU narudia, Chanika huku ndani ndani kabisa, na ilitakiwa niwe nacheka peke yangu kama chizi lakini nina hasira kiasi kwamba nisipoandika hapa nitampigia mtu simu nimtukane.

Tumepanga Tandika miaka 11. Vyumba viwili na sebule, choo cha uani mnatumia na wapangaji wengine watatu, luku moja mnachangishana mpaka mnanuniana. Kiwanja tulinunua 2014, boma likakaa mpaka majani yakaota ndani, 2020 saruji ilipopanda tukanyoosha mikono kabisa. Na miaka yote hiyo kila Idi, kila msiba, ukoo wa baba watoto swali ni moja, shem mnahama lini tuje kula pilau kwenu. Basi nikawaambia kwenye grupu la familia jamani kodi inaisha tarehe 30 hatuongezi, jumamosi tunahama hivyo hivyo na vumbi lake na madirisha ya nondo tupu. Hee! Hongera zilishuka, vigelegele, mikono ya dua, simu ikapata moto. Wifi mkubwa akatuma voisi ya dakika nne anagawa kazi, nani atakunja nguo, nani atafunga vyombo. Watu 34 kwenye grupu.

Wamekuja wawili.

Kama hujawahi kuhama na familia hujui vyumba viwili vinabeba vitu kiasi gani. Ukivuta kitanda tu unakuta maisha mengine huko chini. Na baba watoto ni wale wanaume hawatupi kitu, vipande vya bati, redio kaseti haina spika, chaja za Nokia za pini nyembamba kama nane hivi, kila nikishika nitupe "acha, itatufaa site". Halafu huyo huyo anaondoka alfajiri anarudi saa tatu usiku anauliza mbona bado. Nimefunga mimi, dada wa kazi na mwanangu wa fomu one. Maboksi yenyewe siku hizi muuza duka hatoi bure. Nikaishia kwenye shangazi kaja nne na viroba ishirini. Glasi nimeviringishia nguo za watoto maana gazeti la kufungia utalipata wapi, habari zote ziko kwenye simu, sasa simu utafungia glasi?

Katikati ya hapo dalali anaingia na wateja. Hapigi hodi, na viatu vyake, anawaonyesha chumba changu cha kulala nguo zangu za ndani ziko kitandani, "hiki kina hewa sana". Kodi yangu haijaisha jamani! Mama mwenye nyumba namwambia ananijibu si mnahama kesho.

Turudi kwa wale wawili, wifi mkubwa na binamu yao mmoja. Wamefika ijumaa saa tisa, nikaacha kufunga nikawapikia. Wamekula, wameshiba, ndo wakaanza kuzunguka. "Wifi hili pazia kule si halitaenea?" "Wifi hizi hotpoti za kitchen party hujawahi hata kuzitoa kwenye boksi, nipe nitumie mimi." Kutwa nzima hajafunga hata kijiko ila mfuko wake umejaa. Binamu ndo alisaidia, na heri asingesaidia. Nilikuwa nimeweka bahasha ya kaki juu ya kabati makusudi, ina mkataba wa mauziano ya kiwanja wenye muhuri wa serikali ya mtaa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, hiyo nilipanga niibebe mkononi. Yeye kakomba kila kitu cha juu ya kabati kaingiza kwenye kiroba kafunga kamba. Kiroba kipi? Hakumbuki.

Saa tano usiku nafungua kiroba kimoja kimoja na tochi ya simu. Nimeikuta cha kumi na sita, katikati ya viatu, chupa ya mafuta ya nywele imemwagikia, muhuri nusu umeenda. Baba watoto kasimama mlangoni anauliza "kwani hukuiweka vizuri?" Hapo ndo nililia wakuu, sikuweza tena.

Canter nayo tulikubaliana saa mbili asubuhi imekuja saa nane mchana, vijana wake wakalilaza friji chali. Nikapiga kelele lisimamishwe, dereva ananiambia mama mimi nahamisha watu miaka kumi. Sawa, ila fundi wangu aliniambia friji likilala oili inatembea, usiwashe kwanza, kwa hiyo limesimama pale kwenye kona mpaka kesho na samaki nimewagawa kwa majirani ambao hata majina siwajui.

Sasa kilichonitoa roho ni leo asubuhi. Natafuta mbuzi ya nazi nipike wali, tumechimbua viroba vyote hamna. Ile mbuzi mama yangu alinipa natoka Pangani kuolewa, mbao yake imelainika kwa kukaliwa, meno yameshanolewa mara mbili. Mwanangu ananiambia mama mbona nilimuona shangazi anaiingiza kwenye mfuko, nikajua umempa.

Sikumpa!

Na muda huu huu natype, wifi kaandika kwenye grupu mbele ya watu 34: "Wifi hongera sana, tunakuja lini sasa kuzindua nyumba? Useme tubebe nini."

Nimemjibu abebe mbuzi yangu.

Kaweka kicheko, anauliza "kwani mlikuwa mnafuga?"