Ushauri: namna ya kuingiza masafa mapya kwenye redio koli za zamani, Motorola GM300

Fundi wa Changamwe: Assalaam aleikum ndugu zangu. Yadi moja ya malori imeniletea redio koli za kufungwa garini, aina ya GM300, ambazo bado zina masafa ya mwenyewe wa kwanza. Masafa mapya yadi imekwishapewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Nina kebo ya USB na kompyuta ya Windows 10, lakini programu inakataa kusoma redio. Je, tatizo ni kebo au kompyuta?

Mzee wa Mwembe Tayari: Waaleikum salaam, mwanangu. Vyote viwili, ila kompyuta ndiyo hasa. Programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, enzi za kompyuta za polepole za 386 na 486, nayo hupima muda wa kuzungumza na redio kwa mwendo wa prosesa yenyewe. Kompyuta ya leo huikimbiza mno, na mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, kumbukumbu ya redio huweza kuharibika. Tafuta kompyuta kuukuu yenye tundu la siriali, lile lililotumika kabla ya USB, uiwashe kwa DOS tupu. Katikati ya kompyuta na redio uweke kisanduku cha RIB, yaani kiunganishi cha kulinganisha volti, kwa kuwa tundu la siriali hutoa volti chanya na hasi, ilhali redio huzungumza kwa volti 5 tu. Kebo huingia kwenye tundu la maikrofoni.

Bi Tudor: Kabla ya kuandika chochote, soma kila redio na uhifadhi faili lake, maana kumbukumbu hiyo hiyo ndiyo yenye vipimo vya kiwandani vya redio ile. Tazama pia kibandiko cha modeli: redio ya UHF (masafa ya juu zaidi) haigeuki kuwa ya VHF (masafa ya chini yake) kwa programu. Na umeme wetu huu unavyokatika, tumia betri ya gari. Toni ya CTCSS, ile sauti ya chini inayofungua spika za redio za kundi moja, nayo iwe moja kwa zote, la sivyo madereva watapiga na hakuna atakayewasikia.

Fundi wa Changamwe: Ahsanteni sana. Nimeahidiwa kompyuta ya Pentium, ile iliyokuja baada ya 486. Itafaa?

Mzee wa Mwembe Tayari: Huenda ikafaa ukizima kache (kumbukumbu ya haraka ya prosesa) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, ili ipunguze mwendo. Isome redio ileile mara kadhaa. Ikisomeka bila kosa kila mara, ndipo uandike, na uanze na ile ambayo mwenye yadi hataililia ikiharibika.