Tupeane uzoefu: Siku utani wa Waingereza ulipokupita bila kujua

Mnyamwezi wa Reading (mwanzisha mada)
Habari za majukumu wadau. Jana nimekumbushwa jambo, usingizi ukakata. Mwaka wangu wa pili kazini hapa Uingereza niliwasilisha kwenye kikao mpango wa kubadili zamu. Meneja akanisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Huo ni uamuzi wa kijasiri sana." Nikarudi nyumbani kifua mbele. Mke wangu akapika pilau. Siku ya tatu naangalia kumbukumbu za kikao, mpango wangu haumo hata kwa mstari mmoja.

Nikamuuliza mzee mmoja wa pale ofisini. Akaniuliza kama nimewahi kutazama Yes Minister, ile tamthilia ya BBC iliyoanza 1980. Mle katibu mkuu wa wizara hamkatazi waziri kitu. Akimwambia uamuzi wake utaleta mabishano, maana yake utampotezea kura. Akimwambia ni wa kijasiri, maana yake utampotezea uchaguzi wenyewe.

Sasa jana kijana mgeni aliyetoka Tabora kaambiwa neno lile lile, na nikaona anavyotabasamu. Nimemvuta pembeni nikamweleza. Ninyi wenzangu mliokaa huku, mlipitwa wapi?

Mtoto wa Kisauni
Mimi nilikuja nikijua nawafahamu. Nyumbani tulikuwa na kanda za Mr. Bean, na nyanya yangu asiyejua neno la Kiingereza ndiye aliyecheka kutushinda sote. Mtego uko hapo. Bean karibu hasemi. Tangu kianze siku ya mwaka mpya 1990 kipindi kile kimeeleweka kila mahali kwa sababu ni uso na mwili tu. Utani wenyewe wa huku umejificha kwenye maneno, tena mara nyingi kwenye yale wasiyoyasema. Kitu kikiwafurahisha kweli wanakwambia "si kibaya". Mwaka mzima nilidhani mwenye nyumba wangu hazipendi chapati zangu, nikaacha kumpelekea. Akaja mwenyewe kugonga mlango kuuliza amekosa nini.

Ashura_Coventry
"Si kibaya"! Nililia chooni kwa neno hilo. Sina la kuongeza.

Fundi wa Mabawa
Mada imenigusa. Nilipokuwa nasomea ufundi wa ndege, mwalimu wetu alitusimulia ile ndege ya British Airways ya Juni 1982, iliyopita usiku kwenye majivu ya volkano karibu na kisiwa cha Java. Injini zote nne zikazimika. Rubani Eric Moody akachukua kipaza sauti, akawatangazia abiria kuwa kuna tatizo dogo, injini zote nne zimesimama, wanafanya kila wawezalo kuziwasha, na anatumaini abiria hawajafadhaika sana. Tatizo dogo! Wakaziwasha, wakatua Jakarta salama. Darasa zima likacheka, mimi nimeganda, nawaza wale waliokuwa na watoto mapajani.

Lakini nilivyokaa huku nimeanza kuielewa heshima iliyomo. Mtu anakupunguzia hofu kwa kuibeba yeye. Ubaya wake ni pale msikilizaji anapokuwa wa nje. Kwenye vita vya Korea, Aprili 1951, kikosi cha Waingereza kilizidiwa pale mto Imjin. Brigedia wao akamwambia jenerali wa Kimarekani kwamba mambo yamekuwa magumu kidogo. Mmarekani akachukua "kidogo" kama ilivyo, akaona wanaweza kushikilia. Kikosi kikazingirwa mlimani na wengi wakatekwa. Ukisikia Mwingereza anasema "kidogo", simama usikilize.

Chuma cha Mbagala
Mnawapamba. Ghalani nilikokuwa nafanya kazi waliniita majina miezi sita. Nikilalamika naambiwa ni utani tu, mbona huna moyo wa utani. Hilo "utani tu" ndicho kichaka wanachojifichia.

Bin Salim LDN
Mkuu umekuwa mwepesi. Kwao asiyetaniwa ndiye asiyependwa. Wakikutania wamekukubali.

Chuma cha Mbagala
Umewahi kuwa peke yako kati ya watu thelathini, wote wanacheka wewe hucheki? Jibu hilo kwanza ndipo unifundishe kupendwa.

Mama Zuhura
Hamjambo wanangu. Huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza, hasa hapo kwenye "kidogo".

Nilikuwa mhudumu kwenye makao ya wazee huko Yorkshire, zamu za usiku. Kulikuwa na babu mmoja, zamani mchimbaji wa makaa ya mawe. Siku ya kwanza aliniita "mpenzi", nikakasirika, nikaenda kumshtaki kwa msimamizi. Kumbe kule hata dereva wa basi anaweza kukuita hivyo. Tukaja kuzoeana sana. Alikuwa hasemi jambo moja kwa moja. Nikimuuliza chai ikoje, anasema amekunywa mbaya zaidi vitani. Na vitani hakwenda, alikuwa mtoto.

Usiku mmoja, saa tisa, kengele yake ikalia. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya kifungo cha pajama. Akaniambia, "Sijisikii mwerevu sana leo, mpenzi."

Mimi nilijua jioni ile alishindwa kumaliza chemshabongo ya gazetini. Nikadhani inamsumbua. Nikakaa karibu yake nikamwambia, "Babu, wewe ni mwerevu sana. Jana umeijaza yote peke yako." Akacheka. Kicheko kikakatika katikati. Ndipo nikaona jasho juu ya mdomo, na rangi yake kama majivu.

Wanangu, kwao kusema hujisikii mwerevu ni kusema unaumwa. Alikuwa anapata mshtuko wa moyo, nami namsifia akili zake. Sijui zilipita dakika ngapi, mbili, tatu. Mpaka leo nazihesabu.

Nikapiga 999, namba ya dharura ya huku. Watu wa gari la wagonjwa walipofika, mhudumu wao mmoja akamuuliza, "Unajisikiaje, mzee?" Akajibu, "Nimewahi kujisikia vizuri zaidi." Yule mhudumu hakucheka hata kidogo. Aliposikia maneno yale ndipo alipoongeza mwendo. Lugha ile ile, mmoja kaisikia, mwingine haikumfikia.

Ashura_Coventry
Mama, alipona? Usituache hapo.

Mtoto wa Kisauni
Nasoma haya nikiwa kwenye treni na machozi yananitoka. Endelea mama.

Dk. Mtarajiwa
Pole mama, lakini makao hayo yana lawama. Mhudumu mgeni hawezi kuachwa peke yake usiku bila kufundishwa lugha ya wagonjwa.

Bin Salim LDN
Utafundishwa misemo yote ya nchi nzima? Glasgow wana yao, Liverpool wana yao.

Dk. Mtarajiwa
Ishirini tu inatosha kuokoa mtu. Usitetee uzembe.

Mzee wa Leicester
Ninyi wawili mpisheni mama amalize. Na nimjibu Chuma, maana swali lake halijajibiwa.

Sisi tuna utani tangu zamani. Babu yangu Mzaramo alipofariki, watani zake Wanyamwezi walifika msibani wakajilaza mahali pa marehemu, wakaiga alivyokuwa akikohoa, wakalizuia jeneza mpaka walipwe. Shangazi alicheka huku analia. Lakini hao hao ndio waliochimba kaburi. Utani wetu una sheria mbili: nami nina haki ya kukurudishia, na siku ya shida unakuja. Huo wa ghalani upime hivyo. Ukimrudishia, kesho bado una kazi? Ukiugua, atakuja? Kama hapana, mwanangu Chuma yuko sahihi na asiambiwe ni mwepesi.

Chuma cha Mbagala
Shikamoo mzee. Umenitua mzigo.

Mtoto wa Kisauni
Nami namuunga mkono Chuma. Mnakumbuka Mind Your Language? Kenya tulikitazama KBC tukavunjika mbavu, darasa la wageni London wanaharibu Kiingereza. Mama watoto wangu ni wa Bukavu. Alipoanza kujifunza Kiingereza hapa London nilimwekea nikidhani atafurahi. Hakucheka. Akaniuliza, "Mbona wanaochekesha ni wanafunzi tu, mwalimu hana lafudhi?" Kilianza 1977, na kufikia 1979 kituo cha Uingereza kilichokitengeneza kilikisimamisha, kwa kuwa kilionekana kuwadhalilisha wageni. Sikuwahi kuona kitu hicho kwa miaka yote mpaka mtu aliyekalia dawati kama lile aliponiuliza.

Dada Tanga
Naomba nilete la furaha kidogo. Desemba mama yangu alikuja kutoka Tanga, tukampeleka na wajukuu kwenye pantomimu, ile michezo ya jukwaani ya msimu wa Krismasi. Akatokea mwanamume mnene amevaa gauni na wigi, mama akanigeukia kwa macho yale mnayoyajua. Nikajua nimekosea. Kisha jambazi akawa ananyemelea, na ukumbi mzima, wazee kwa watoto, wakapiga kelele kumwambia yule wa mbele kwamba yuko nyuma yake. Mara ya tatu mama yangu akasimama wima: "Yuko nyuma yako weye, geuka!" Waingereza wa mstari wa mbele wakageuka, wakamshangilia yeye. Pale hakuna kuficha maneno wala "si kibaya". Mara moja kwa mwaka wanapiga kelele wote pamoja. Wapelekeni wazazi.

Mama Zuhura
Samahani, nilikuwa kazini.

Alipona. Wiki tatu hospitali, akarudi. Alimsimulia kila nesi kwamba alikuwa anakufa na mwanamke wa Kiafrika akamkalisha kumwambia ana akili. Nilimwomba radhi, akaniuliza radhi ya nini, ni jambo zuri kuliko yote aliyoambiwa tangu mkewe afariki.

Aliishi mpaka masika ya huku, akaondoka usingizini. Kwenye mazishi mwanawe wa kiume akasimama mbele ya jeneza akaisimulia habari ile, ukumbi wote ukacheka. Nilitaka ardhi inimeze. Kucheka, na maiti iko pale! Binti yake akanishika mkono, akaung'ang'ania mpaka mwisho. Ndipo nilipomwelewa mzee wa Leicester kabla hajaandika.

Dk. Mtarajiwa, ninayo daftari. Kila mhudumu mpya nampa. Mgonjwa akisema yuko chini ya hali ya hewa, anaumwa. Akisema rangi imemtoka, anaumwa. Akisema amewahi kuwa vizuri zaidi, piga simu. Na akisema hataki kukusumbua, acha ulichoshika uende sasa hivi.

Fundi wa Mabawa
Mama, pale Winchelsea liko kaburi la Spike Milligan, mchekeshaji aliyefariki 2002. Alitaka jiwe lake liandikwe "Niliwaambia naumwa". Dayosisi haikuridhia kwa Kiingereza, yakaandikwa kwa Kiayalandi. Babu yako angempenda.

Ashura_Coventry
Nimenakili daftari lote. Nampelekea mdogo wangu anaanza kazi Jumatatu.

Bin Salim LDN
Chuma, nimerudia kusoma. Nilikujibu vibaya, nisamehe ndugu yangu. Ushauri wangu kwa wageni: ukitaniwa rudisha papo hapo, kwa sauti ya chini, na usicheke wewe mwenyewe.

Mnyamwezi wa Reading
Mimi nashauri kinyume. Miezi mitatu ya mwanzo nyamaza, tazama nani anamtania nani.

Dk. Mtarajiwa
Na ukiambiwa "lazima uje kula kwetu siku moja" usipotajiwa siku, usinunue zawadi.

Mama Twins
Samahanini nadandia. Jirani wa chini kaniambia asubuhi kwamba watoto wangu "wana uhai mwingi ajabu, hasa alfajiri". Nikamshukuru. Nimefanya sawa?

Mzee wa Leicester
Mwanangu, hajalala huyo. Shuka leo leo umwombe radhi, na umbebee maandazi.