Mjadala: Pampu ya kalsiamu ya moyo, tuendelee na tiba ya jeni au pesa ziende kwenye dawa zilizopo?

Maabara Daima (mtoa mada)
Wadau, kila bajeti ya utafiti wa moyo ikijadiliwa, hoja ni ileile: pesa za umma ziondolewe kwenye protini za kalsiamu kwa sababu CUPID 2, jaribio la tiba ya jeni kwa wagonjwa wa moyo, ilifeli. Mimi nasema ziendelee. Moyo ulioshindwa una upungufu wa SERCA2a, pampu inayorudisha kalsiamu ghalani, yaani kwenye hifadhi yake ndani ya seli, baada ya kila pigo, kalsiamu mbili kwa ATP (nishati ya seli) moja. Ikizembea, msuli haulegei sawasawa, na pigo linalofuata linakuwa hafifu kwa sababu ghala halikujaa. Hatuna kidonge cha kila siku kilichotengenezwa kuilenga pampu hiyo. Mnasemaje?

Wodi ya Nne
Jibu la CUPID 2 lilishatoka 2016. Wagonjwa 250, wengine wakapewa virusi vya AAV1, vinavyotumika kama chombo tu, vilivyobeba jeni ya SERCA2a kupitia mishipa ya moyo, wengine plasebo (dawa bandia). Hakukuwa na tofauti. Huku wodini mtu anaruhusiwa na bisoprololi, beta bloka ya moyo, miligramu 1.25, mwaka unakatika dozi ni ileile. Nyie mnatibu panya. Kama ni protini za kalsiamu, troponini, protini za msuli wa moyo, tunaipima kila siku na inatuambia zimeharibika kiasi gani.

Pima Kwanza
Kwenye troponini hapo sipiti kimya. Inayoshika kalsiamu ni troponini C. Hospitali inapima T au I. C haipimwi kwa sababu ya moyo na ya misuli ya polepole ya mwili ni moja, jeni ileile ya TNNC1, kwa hiyo ukiikuta kwenye damu hujui imetoka wapi.

Wodi ya Nne
Unakwepa hoja. Hizo tatu zinakaa pamoja, moja ikivuja zote zimeumia.

Pima Kwanza
Hapana, mkuu. T na I kwenye damu zinasema seli zimeumia, basi. Mwenye moyo ulioshindwa anaweza kuwa na troponini iliyopanda kidogo miezi na miezi bila shambulio lolote, ndiyo maana unapima mara mbili uone kama inapanda au kushuka. Kazi ya C ni ya kila pigo. Kalsiamu ndani ya seli inatoka nanomola 100 hivi hadi karibu maikromola 1, kituo namba mbili kati ya vituo vya kalsiamu vya C kinaishika, troponini I inaachia aktini (uzi wa msuli), msuli unakaza. Kituo hicho kimoja ndicho kinachoamua. Namba tatu na nne zina kalsiamu au magnesiamu muda wote. Hakuna kipimo cha damu kinachoyaona hayo.

Fizio
Na hapohapo kwenye C ndipo levosimendani, dawa ya kuongeza nguvu ya moyo, inaposhika. Dripu ya saa 24, maikrogramu 0.05 hadi 0.2 kwa kilo kwa dakika. Balaa lake ni presha, kwa sababu inatanua mishipa pia. Namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100, usianze na dozi ya kishindo, ile kubwa ya mara moja ya kuanzia. Na ukizima dripu usidhani umemaliza: zao lake linaendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa. Kwenye jaribio la SURVIVE, 2007, haikupunguza vifo vya siku 180 kuliko dobutamini, dripu nyingine ya kuongeza nguvu ya moyo.

Maabara Daima
Narudi kwenye "mnatibu panya", maana ni tusi. Tunajua panya anarudisha zaidi ya asilimia 90 ya kalsiamu kwa SERCA na mtu karibu 70, inayobaki ikitolewa kwa kubadilishana na sodiamu. CUPID 2 ilikwama kabla hata ya kufika kwenye tofauti hiyo! Vipande vya mioyo vilivyochunguzwa baadaye vilikuwa na DNA kidogo mno ya virusi vile. Zaidi ya nusu ya waliopimwa ili waingie walikuwa tayari na kingamwili za AAV1, wakaachwa. Dawa haikuingia kwenye seli, halafu mnaihukumu.

Fizio
Hata ikifika, ndugu. Protini ya fosfolambani ndiyo inayoizuia SERCA. Mwondolee panya, moyo wake unapiga vizuri zaidi. Lakini watu waliorithi nakala mbili za jeni ya fosfolambani iliyokatika kwenye asidi amino ya 39 kati ya 52 walipata moyo uliotanuka na kushindwa wakiwa vijana. Halafu kuna RyR2, mlango wa ghala. Kama unavuja, ukijaza ghala zaidi unaongeza uvujaji. Kalsiamu moja inatolewa kwa sodiamu tatu kuingia, chaji inabaki ndani, pigo la ziada linazuka. Milrinoni ya vidonge, dawa ya kuongeza nguvu ya moyo, iliongeza kalsiamu kwenye seli, na vifo vikaongezeka kwa asilimia 28 kwenye jaribio la PROMISE, 1991.

Wodi ya Nne
Ndiyo nisemalo. Bisoprololi inapandishwa maradufu kila wiki mbili ikivumilika, lengo ni 10. Presha ya 95 bila kizunguzungu si sababu ya kuishusha. Spironolaktoni, kidonge kingine cha moyo kinachoweza kupandisha potasiamu, miligramu 25, pima potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) wiki ya kwanza na ya nne, potasiamu ikizidi 5.5 punguza dozi nusu, ikizidi 6 simamisha. Hizo ndizo kazi zinazokosa watu na pesa.

Maabara Daima
Beta bloka unazozisifu, kwa wagonjwa ambao moyo ulirudisha nguvu, vipande vya moyo vilionyesha jeni ya SERCA imepanda. Hilo liligunduliwa na utafiti unaotaka ufungwe.

Wodi ya Nne
Na lilipatikana kwa vidonge, bila virusi.

Pima Kwanza
Hiyo potasiamu ya 6: kabla hujasimamisha spironolaktoni, angalia sampuli. Majimaji ya juu yakiwa mekundu, seli zimepasuka kwenye sindano au njiani na potasiamu yake imemwagika humo. Fanya ECG (kipimo cha umeme wa moyo), chota upya bila kumkazia mgonjwa kamba mkononi muda mrefu, ipelekwe maabara mara moja. Dawa nzuri zinafutwa kwenye kadi kwa sababu ya chupa moja mbovu, na hazirudishwi.