Naomba ushauri: sanduku gumu la kamera kwa safari ya Serengeti na Unguja

PichaZaPwani:
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Dar, napiga picha na video za harusi. Sasa nimepata kazi ya kambi moja ya watalii Serengeti, na nikitoka huko kuna hoteli Unguja. Dar hadi Arusha ni basi, Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ndege ndogo, kurudi Arusha gari kupitia Ngorongoro, halafu Dar, na boti hadi Unguja.

Nina Sony A7 IV mbili, lensi za 24-70 na 70-200 (zote f/2.8), na 200-600 niliyoazimwa na kaka yangu. Hiyo ya kuazima ndiyo inayoninyima usingizi. Ongeza maiki, chaja na betri. Siku zote nabeba begi la mgongoni, ila safari hii nataka sanduku gumu.

Kuna jamaa anauza Pelican 1510 iliyotumika. Pia nimeona Kariakoo masanduku yanayofanana nayo kwa bei ya chini sana. Nichukue lipi? Na ndani niweke sponji ya kumega (unatoa vipande hadi upate umbo la kifaa) au vigawanyo vya kitambaa? Nawasilisha.

MzeeWaStendi:
Hongera kwa kazi, mkuu. Kabla ya kuzungumzia ugumu, tafuta mzani kwanza.

1510 tupu, bila sponji, ina kilo kama 5.4. Kamera zako mbili ni kilo 1.3 hivi, 200-600 peke yake imepita kilo 2, ukijumlisha na lensi nyingine na mazagazaga unafika 7. Sanduku na vifaa ni zaidi ya kilo 12 kabla hujaweka hata shati. Ndege ndogo za mbugani kwa kawaida zinaruhusu kilo 15 kwa mtu, nguo zikiwemo, na wanataka mabegi laini kwa sababu sehemu ya mizigo ya Cessna Caravan, ndege ndogo inayotumika sana huko, ni finyu na mlango wake mdogo. Sanduku gumu linaweza kukataliwa pale pale uwanjani.

Ukubwa wa 1510 ni sentimita 56 kwa 35 kwa 23, ndiyo maana watu wanaiita ya kuingia nayo kabini. Lakini mashirika mengi ya ndege kubwa yanaruhusu kilo 7 tu kabini. Ukitoa uzito wa sanduku, umebaki na nafasi ya kamera moja na lensi fupi.

Ushauri wangu: sanduku liwe ganda, begi laini liwe ndani yake. Kwenye basi, gari na boti vyote viko ndani ya ganda. Ukifika Arusha unachomoa begi, unapanda nalo ndege, sanduku lenye nguo linakuja na gari la mahitaji la kambi. Ongea na kambi mapema, magari yao ya mahitaji yanapanda mara kwa mara.

DerevaWaMbuga:
Naunga mkono hilo la ganda, nimewabeba wapiga picha wengi sana kwenye barabara ya Ngorongoro hadi Naabi, lango la Serengeti. Watu wanaogopa sanduku kuanguka, lakini kwenye ile barabara ya matuta kinachoua vifaa ni mtetemo. Saa nzima gari linatetema, skrubu za lensi zinalegea zenyewe. Usiliweke sakafuni wala nyuma ya tairi. Liweke kwenye kiti, chini yake kunja blanketi, pitisha mkanda wa kiti kwenye mpini. Na 200-600 itenganishe na kamera kabla ya kuifunga. Ikisafiri imeunganishwa, uzito wote unaning'inia kwenye ile pete ya chuma, kila tuta inavutwa.

Vumbi la kiangazi ni laini kama unga. Linapita zipu ya begi lolote, mpira unaoziba ukingo wa sanduku halipiti. Ila kila unapofungua, futa ukingo kwa kitambaa kibichi kwanza. Punje chache za mchanga zikikaa kwenye mpira, pale pale panakuwa mlango wa vumbi na maji.

Halafu kuna hewa. Ukilifunga sanduku ukingoni mwa kreta, mita kama 2,300 juu ya bahari, hewa uliyofungia ndani ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu robo. Ukishuka pwani, hewa ya nje inakandamiza kifuniko, utavuta kwa mikono miwili na hakitatoka. Pelican ina vali inayojisawazisha yenyewe. Masanduku mengi ya bei rahisi yana skrubu ya kulegeza kwa mkono, nimeona mgeni akitaka kubandua kifuniko kwa bisibisi. Legeza skrubu, subiri mlio wa hewa uishe, ndiyo ufungue.

BiFremu:
Karibu Unguja, mdogo wangu. Mimi nakuhofia kinyume cha hao wenzangu. Sanduku lisilopitisha maji kuingia halipitishi unyevu kutoka pia. Ukifunga vifaa jioni vikiwa na jasho la pwani, umevifungia na unyevunyevu, na sponji inaunyonya na kuutunza. Baada ya wiki kadhaa unaanza kuona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya lensi. Hiyo ni kuvu, na fundi wa kuisafisha vizuri ni ghali.

Kwa hiyo sanduku la kusafiria lisiwe kabati la kuhifadhia. Ukifika hotelini, fungua, toa vitu, vipate hewa. Ndani weka pakiti za silika zinazobadili rangi, zile za machungwa zikigeuka kijani zimeshiba, zikaushe kwenye oveni. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi usifungue sanduku nje haraka, lens zitajaa ukungu. Liache limefungwa mpaka lipate joto la nje.

Ndiyo maana mimi nachagua vigawanyo. Sponji ya kumega ukishaimega imekwisha, siku ukibadilisha lensi unanunua nyingine, na kuta nyembamba zinachanika.

MzeeWaStendi:
Hapo kwenye sponji tutofautiane kidogo, Bi. Kwa mzigo unaoshuka chini ya ndege na kutupwa na wapakizi, sponji inashika kila kitu mahali pake kuliko kigawanyo. Kwa safari hii nakubali, vigawanyo.

PichaZaPwani:
Asanteni sana. Kwa hiyo hili la Kariakoo nilisahau kabisa? Na betri je?

BiFremu:
Usilihukumu kabla hujalijaribu. Nenda na ukanda wa karatasi. Uweke juu ya mpira, funga klipsi, vuta. Rudia pande zote nne na kila pembe. Ukichomoka kirahisi mahali, mpira haubani hapo. Ukilinunua, lijaze mawe na tishu kavu, lizamishe kwenye pipa la maji nusu saa. Tishu ikitoka kavu, mlinzi umempata. Hiyo Pelican ya jamaa nayo ifanyie hivyo hivyo, kiwango chake cha IP67 ni kukaa ndani ya maji mita 1 kwa dakika 30, lakini mpira uliozeeka au kukatika hauheshimu kiwango. Ukiona mpira mbovu tu, usiikimbie, mpira unabadilishwa. Ukiona bawaba imepasuka, achana nayo.

MzeeWaStendi:
Betri za akiba hazishuki chini ya ndege, zinakaa nawe kabini, kila moja ncha zake zimefunikwa. Za A7 IV ni wati-saa 16 tu kila moja, hazina shida. Ukiwa na zile kubwa za taa, zidisha volti kwa ampea-saa: ikiwa chini ya 100 unapita, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika.

Na kama bajeti inaruhusu, muulize jamaa kama ana 1535 Air, Pelican ya aina nyepesi. Ukubwa ni karibu ule ule, tupu ina kilo 3.9. Kilo moja na nusu ni lensi yako ya 70-200 na ziada.

PichaZaPwani:
Jamaa anayo 1510 tu. Kesho naenda na karatasi na mzani, na kambi nimeshawaandikia kuhusu gari lao la mahitaji.

DerevaWaMbuga:
Waulize na siku gari linapotoka Arusha. Likitangulia wewe kwa siku mbili, nguo zako zitangulie, lensi ya kaka isitangulie.